Madaftari Matatu, Kisigino Kimoja

Nelius Kagwiria hakuwa na maadui Kibirichia. Alikuwa na watu aliowadharau, na hao walikuwa wengi hata nafasi ya adui ikakosekana. Aliwadharau wanaume wanaoshinda sokoni wakingoja broka awatajie bei ya viazi vyao wenyewe. Aliwadharau watu wa Meru mjini kwa sababu ya viatu vyao, na walimu kwa sababu ya likizo zao. Hata mume wake, Kaimenyi, Nelius alimdharau, ila kwa upole, kama mtu anavyoudharau ua ulioinama upande lakini bado unazuia ng'ombe. Ila waliotia fora kwenye orodha yake ni wagonjwa wanaotembea. Kwa Nelius kulikuwa na magonjwa mawili tu duniani: lile la kulazwa hospitalini na kutundikiwa maji, na uvivu.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mikono kama ya fundi wa mawe, na ekari mbili za viazi zinazoteremka kuelekea mtoni. Ekari mbili za viazi hazivunwi na mke na mume peke yao, hasa mume mwenyewe akiwa Kaimenyi. Kwa hiyo, miaka tisa iliyopita, Nelius alikusanya wanawake kumi na mmoja wakaanzisha kikundi, wakakiita Jembe la Asubuhi. Kila Jumanne na kila Ijumaa kikundi kizima huenda katika shamba la mmoja wao, kikapalilia, kikainua matuta au kikavuna, kisha zamu ikamwendea anayefuata. Mwanamke mwenye kikundi huvuna ekari nzima kwa siku mbili. Asiye na kikundi huvuna mpaka viazi vimchekee.

Nelius ndiye mwenyekiti, na ndiye aliyetunga sheria. Ilikuwa moja tu na fupi: anayekosa siku mbili mfululizo, jina linafutwa. Hakuna kutuma mtoto wala kuleta barua. Karimi, katibu wa kikundi, ambaye ndiye mdogo wao kwa umri na mwenye mwandiko mzuri, aliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa rejista, na Nelius akamwambia aipigie mstari chini.

Sheria hiyo iliuma mara moja tu. Gladwell, jirani wa mpakani, aliyekaa dawati moja na Nelius kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, alianza kuumwa na mgongo mwaka juzi. Alikosa Ijumaa, akakosa Jumanne. Ijumaa iliyofuata akaja, amejifunga leso kiunoni kama mtu aliyevunjika akaungwa kwa kamba, akaomba asiinulishwe magunia, apewe kazi ya kuokota tu mpaka apate nafuu. Wanawake walimwangalia mwenyekiti. Nelius hata hakusimamisha jembe.

"Mgongo hata mimi ninao," alisema.

Karimi akafuta jina. Gladwell akaondoka polepole kando ya kijito, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana juu ya ua kama watu wanaokutana benki. Msimu ule viazi vya Gladwell vilivunwa na vibarua waliomkatia nusu ya mazao kwa jembe, na Nelius, akiwa upande wake wa mpaka, aliviona vikitupwa, akatikisa kichwa. Alisema moyoni kwamba hivyo ndivyo mtu anavyokuwa akianza kuusikiliza mwili wake.

Mwili wake Nelius ulianza kusema mwezi wa tatu.

Asubuhi moja aliteremsha mguu wa kulia kutoka kitandani, akahisi kama amekanyaga msumari. Akatazama sakafuni, akainua mkeka. Hakukuwa na msumari. Alichechemea hadi jikoni akijishikilia ukutani, na alipokwisha kuwasha moto na kwenda huku na huku kidogo, maumivu yakapungua. Akajua ni baridi tu. Siku ya pili msumari ulikuwa palepale, chini ya kisigino, upande wa ndani, ukimngoja kama mdai. Mwezi wa nne ulipoingia alikuwa ameshajifunza tabia zake zote: uliuma hatua za kwanza za asubuhi, ukalegea ukipata joto la kazi, na yeye akirudi kuketi akainuka, unaanza upya kwa hasira.

Sasa angalia akili ya mtu mwenye kiburi. Nelius alianza kufika shambani kabla ya wengine wote, giza halijaondoka vizuri, ili asiwepo wa kumwona akitembea. Akifika huchimba mpaka mguu upate moto. Saa nne, chai inapoletwa, wenzake walizoea kuketi juu ya magunia. Yeye alijua akiketi hatainuka bila kukunja uso, basi akanywa chai akiwa wima, kikombe mkono mmoja, jembe mkono mwingine, na akawasema waliokaa. Chai ni ya kunywa, akasema, si ya kutagia mayai. Wiki mbili hazikupita, wanawake kumi wazima wa Kibirichia wakawa wanakunywa chai wamesimama wima shambani kama askari wa gwaride, wengine na goti bovu, kwa sababu ya kisigino ambacho hawakujua kipo.

Kanisani watu walizungumzia tiba za miguu bila kujua kwamba wanamzungumzia. Mmoja alisifu maji ya moto na chumvi, mwingine mafuta ya kondoo, mwingine alisema ni damu chafu imeshuka. Nelius aliwasikiliza kwa dharau kubwa, akaenda nyumbani akajaribu zote, na kila moja iliposhindwa akaidharau upya. Mwisho wa mwezi wa tano alishindwa hata kuingiza mguu kwenye gambuti bila kuuma midomo. Akamwambia Kaimenyi anaenda Meru kuulizia mbolea.

Daktari Mugendi wa kliniki ya mifupa alikuwa kijana, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili ni kwamba alianza kwa kuuliza maswali badala ya kuandika dawa. Alimbonyeza chini ya kisigino kwa kidole gumba, Nelius akazuia yowe kwa meno. Akamuuliza anachimba kwa mguu gani. Nelius akamwambia wa kulia, kwani kuna watu wanaochimba kwa kichwa? Daktari akatabasamu, akachukua picha, kisha akamweleza kwa Kimeru kilichonyooka. Chini ya wayo kuna mkanda mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Miaka ya kukandamiza foko, ule uma mkubwa wa kuchimbia, kwa wayo, ndani ya gambuti nyembamba kama karatasi, imeuchosha mkanda huo ukaanza kuchanika kidogokidogo pale unapojishika na mfupa. Dawa yake ya kwanza ni kupumzisha mguu, kuunyoosha kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuweka kitu laini ndani ya kiatu, na kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo.

Nelius alimtazama kama mtu aliyeuziwa debe lenye mawe katikati.

"Daktari, mimi nimetoka Kibirichia," alisema. "Siwezi kurudi nyumbani niseme nilipewa chupa nikanyage. Nidunge sindano."

Mnajua jinsi tulivyo huku. Vidonge ni vya watoto na ushauri ni wa mchungaji; mtu hajatibiwa mpaka achomwe. Daktari Mugendi alijua pia, na alikuwa na sindano yenyewe, ya steroidi, kwa watu ambao maumivu yamekataa njia nyingine. Akabishana naye kidogo, akakubali. Lakini alimweka chini kwanza akamwambia mambo matatu, akiyahesabu kwa vidole kama anayeongea na kiziwi. Dawa hii inazima moto, haishoni mkanda. Ikirudiwa ovyo inaulegeza mkanda wenyewe, na hata mafuta ya kisigino yanaweza kuyeyuka ukabaki unatembelea mfupa. Kwa hiyo wiki mbili hakuna jembe, na kabla ya miezi minne hakuna sindano nyingine, hata maumivu yakirudi.

Kisha akachukua daftari lake. Mgonjwa wa huku huenda hospitalini na daftari, lile la kurasa thelathini na mbili la watoto wa shule, linalouzwa kwenye kibanda cha getini pamoja na maandazi. Humo daktari huandika ugonjwa na dawa, na daftari hurudi nyumbani na mwenyewe. La Nelius lilikuwa limevikwa karatasi ya kaki, safi kama Biblia. Daktari Mugendi aliandika ukurasa mzima, na chini akabadilisha kalamu akaandika kwa wino mwekundu: hakuna sindano nyingine kabla ya mwezi wa kumi.

Siku ya tatu baada ya sindano, Nelius aliteremsha mguu kitandani na msumari haukuwepo. Akakanyaga tena. Akapiga mguu chini kama ng'ombe. Hakuna. Alicheka peke yake chumbani, kisha akakasirika alipokumbuka miezi mitatu ya chumvi na mafuta ya kondoo. Ijumaa alikuwa shambani kabla ya wote, wiki mbili za daktari zikiwa bado hazijafika siku tano. Alisema moyoni kwamba kijana yule aliongeza ile hadithi ya kupumzika ili kazi ya dakika moja ionekane kubwa. Mtu asiyesikia maumivu ni mzima, au sivyo? Ndivyo alivyofikiri, na kama ungekuwa jirani yake ungefikiri hivyo pia, maana ule mkanda uliolegea chini ya wayo hauna mdomo wa kubisha.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba msumari ulirudi.

Na ulirudi wakati mbaya, mavuno ndiyo yanaanza. Nelius alilitoa daftari kabatini, akautazama ule wino mwekundu, na hapo ndipo alipopata wazo ambalo alijivunia wiki nzima. Daktari husoma kitabu, aliwaza, hasomi mtu. Kilicho nje ya kitabu hakikutokea. Akalificha lile daftari ghalani, chini ya trei za mbegu, akamwambia Kaimenyi anaenda Embu kumwona Mwenda, mtoto wao wa kwanza, ambaye ni karani huko. Kweli alimwona Mwenda, dakika ishirini, akiwa wima. Kisha akaenda kwenye kliniki moja nyuma ya stendi, akanunua daftari jipya getini, akaliandika jina lake, akaingia.

Daktari wa Embu aliuliza kama amewahi kudungwa sindano ya kisigino. Nelius alisema hajawahi, na alilisema hilo huku akimtazama machoni, yeye mzee wa kanisa. Daktari akafungua kitabu, akakuta kurasa nyeupe, akadunga. Na yeye pia akasema apumzike. Njia nzima ya kurudi Nelius alikuwa akimdharau: mtu amesoma miaka saba, anadanganywa na daftari tupu.

Daftari la pili likaenda ghalani kulala na la kwanza, na safari hii nafuu ilikaa wiki tano. Alivuna nayo mashamba manne. Alichimba kuliko wote, akawasema waliochoka, na jioni alipovua gambuti aliona ngozi ya kisigino imefanya baka jeupe pale sindano ilipoingia, na pale kwenye baka nyama ilikuwa nyembamba ukibonyeza. Akavaa soksi.

Mara ya tatu hakuwa na muda wa kusafiri. Zamu yake ya kuvuniwa ilikuwa imebaki wiki mbili. Alikuwa ameshakata majani ya viazi ili ngozi ikauke ardhini, lori la broka limeshaagizwa, na viazi vyenyewe ni vya aina ya shangi, ambavyo havingoji mtu. Vikikawia ardhini vinaanza kuota. Akaenda kwa mwenye kemisti, duka la dawa, katika kituo kimoja cha biashara cha jirani, bwana wa koti jeupe ambaye shahada yake ukutani ilikuwa imegeuzwa kidogo ili isisomeke. Nelius alimwekea mezani daftari la tatu, jipya, limevikwa kaki. Yule bwana akalisukuma pembeni kwa kiwiko kama sahani ya jana. Hakuuliza jina, hakuuliza mara ngapi, hakutia ganzi. Alimwambia aweke mguu juu ya kreti ya soda, akachoma mahali alipooneshwa kwa kidole, akasema mama, hii ni kali kuliko ya hospitali. Nelius alimdharau kuliko madaktari wote aliowahi kuwaona, na akamshukuru.

Ijumaa hiyo kikundi kilikuwa kwa Karimi. Shamba lake limekaa kwenye mteremko, udongo mzito. Saa tatu na nusu Nelius aliweka wayo wa kulia juu ya bega la foko, akaukandamiza kwa uzito wake wote, kama alivyofanya mara elfu kadhaa msimu ule. Kitu kikakatika ndani ya gambuti. Aliisikia sauti yake kabla ya maumivu, sauti kavu, kama kamba ya mzigo inapokatika. Karimi aliyekuwa tuta la pili aliisikia pia, akageuka kuangalia mpini wa jembe kama umevunjika. Mpini ulikuwa mzima. Mwenyekiti wa Jembe la Asubuhi alikuwa ameketi chini kwenye udongo, kikombe cha chai bado hakijafika, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa wanawake wale walimwona akiwa ameketi wakati wa kazi.

Kaimenyi alimpeleka Meru kesho yake. Wayo ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kama biringani, na upinde wote wa mguu umelala. Daktari Mugendi aliutazama akaacha kutabasamu. Akaomba kitabu. Nelius akampa cha kwanza, chenye wino mwekundu, akiwa na uso wa mtu aliyeonewa. Daktari akasoma, akasema haiwezekani. Sindano moja, tena ya mwezi wa tano, haiwezi kuufanya mkanda kuwa hivi.

Basi huyu Kaimenyi, mtu asiyejua chumvi inakaa wapi katika jikoni lake mwenyewe, akainama akachukua mfuko wa karatasi alioubeba tangu nyumbani. Alitaka kusaidia tu. Alisema alipokuwa akitafuta kitabu cha mama ghalani alikuta vingine chini ya mbegu, akaona avilete vyote, pengine daktari atavihitaji. Akavipanga mezani kimoja kimoja, akavinyoosha kingo.

Daktari Mugendi alisoma cha Embu kwa muda mrefu. Akafungua cha tatu. Kilikuwa kitupu, jina tu juu ya jalada.

"Na hiki ni cha nini?"

Nelius alitazama dirishani. Akasema ni cha kemisti.

"Mama," alisema daktari, na hakupaza sauti, "hapa nina wagonjwa watatu. Wote wana kisigino kimoja. Kama mngekuja pamoja ningewaambia."

Daktari alikuwa amemdharau. Nelius aliitambua dharau ile mara moja, maana ilikuwa ya kabila lake mwenyewe: ile isiyopiga kelele, isiyosimamisha kazi. Hakuwahi kuiona ikitoka upande huu. Mguu ulifungwa kwenye kiatu kigumu cha plastiki hadi chini ya goti, wiki sita bila jembe, kisha mazoezi, na mashamba ya mteremko huenda asiyaone tena mwaka huo. Njiani kurudi Kaimenyi alimuuliza kama anasikia maumivu. Alisema hasikii, na uongo huo ukawa wa mwisho.

Jumanne akakosa, na Ijumaa akakosa pia. Jumapili baada ya ibada kikundi kizima kilikuja kwake, na hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu mwezi wa tatu: kuja kutazamwa. Walileta unga wa uji na sukari. Walisema pole, kila mmoja yake, na kila pole ilimwingia chini ya ngozi kama mwiba. Kisha wakatazamana, maana Jumanne inayofuata ndiyo iliyokuwa zamu ya kwenda kwake, na kila mtu alijua rejista inasema nini.

Karimi alikuwa ameishika mapajani bila kuifungua. Mwishowe alisema, akitazama kiatu kile cha plastiki, kwamba wao wamezungumza, na wanaona hii ni ajali, si kukosa. Sheria ni ya watu wavivu. Wengine wakaitikia. Mmoja akasema Mungu mwenyewe anajua Mama Mwenda si mvivu.

Ilikuwa rahisi sana. Angeweza kuinamisha kichwa tu, na Jumanne wanawake kumi wangekuwa kwenye matuta yake kabla ya umande kukauka. Lori lingejazwa. Viazi vile vilikuwa mwaka wake mzima, na bila kikundi vingeozea humo. Aliwatazama mmoja mmoja na akajidharau kwa jinsi alivyotaka waje.

"Karimi, fungua hiyo rejista," alisema. "Futa."

"Mama Mwenda, sisi tumekubaliana..."

"Mgongo wa Gladwell mliufuta. Mimi ndiye niliyewaambia mfute. Kisigino changu kina cheo gani?"

Karimi alilia kidogo, mambo ya vijana, kisha akafuta, na Nelius akamwambia apige mstari ulionyooka. Walipoondoka hawakujua wachukue unga wao au wauache. Wakauacha.

Jumanne asubuhi Kaimenyi alichukua foko akaingia shambani peke yake. Nelius alitoka kwa magongo, akaketi kwenye kiti mwisho wa tuta la kwanza, mguu juu ya debe kama alivyoagizwa, ili aone vizuri jinsi mali yake inavyoharibiwa. Kila kiazi cha tatu kilitoka kimechomwa katikati. Alimwambia aanze mbali na shina. Akamwambia tena. Saa tatu wakawa wamevuna gunia moja na nusu, na matuta yaliyobaki yalifika mtoni.

Ndipo alipomwona Gladwell akipita pengo la ua, leso kiunoni, na foko lake la zamani lililopungukiwa na jino moja. Hakusalimia. Aliingia tuta la pili akaanza kuchimba.

"Umefuata nini?" Nelius aliuliza.

"Viazi."

"Leo hakuna kikundi hapa."

"Najua," alisema Gladwell. "Hata mimi sina kikundi."

Akaendelea. Alichimba vibaya, ukitaka ukweli. Polepole, mashina matatu kisha kusimama, mkono mgongoni, mashina matatu tena. Aliacha viazi vidogo kwenye udongo. Nelius aliviona vyote, kimoja kimoja, na maneno yalimjaa mdomoni hadi kwenye meno. Lakini aliona pia kitu kingine, kwa kuwa sasa alikuwa na macho ya kukiona. Kila Gladwell alipojinyoosha, uso wake ulikaa sawa kabisa, bila kukunjamana hata kidogo, uso wa mtu anayengoja maumivu yapite bila mtu kujua. Nelius aliujua uso ule. Aliuvaa miezi sita, kila siku saa nne, na kikombe cha chai mkononi.

Kaimenyi akaleta birika. Gladwell alipokea kikombe, akabaki amesimama, kama mtu anayejua kwamba akiketi hatainuka kirahisi.

"Gladwell," alisema Nelius. "Keti kwanza."

"Sijachoka."

"Sijakuuliza kama umechoka."

Akaushusha mguu wake wenye plastiki taratibu, akauweka kwenye udongo, akalisukuma debe kwa gongo mpaka likafika tuta la pili. Gladwell alilitazama debe, kisha akamtazama yeye. Akaketi. Viazi vilikuwa bado vingi ardhini, na wanawake wawili waliofutwa wakanywa chai yao wakiwa wamekaa.